Dungu Lisilo na Ngazi

Harufu ya boriti mbichi za mikoko imenipokea mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho. Katikati limesimama dungu, kibanda cha juu ya nguzo kama vile tulivyolindia mpunga Rufiji. Amelijenga dada yangu.

Utotoni kila mmoja wetu alijenga dungu lake la kuchezea. Langu liliinama. Lake lilisimama wima, na mgeni mmoja akaja kulirekodi kwa kamera. Roho iliniuma. Dada alipokwisha kupanda, nikaiondoa ngazi.

"We, rudisha! N'takusemea kwa mama!"

Mgeni alicheka, akazidi kumrekodi, miguu ikining'inia.

Leo wageni wanamuuliza mbona dungu halina ngazi.

"Hapo ndipo penye sanaa," anajibu.

Wanampigia makofi. Hata siku moja hajasema ni nani aliyeiondoa.