Njia za Kinna

Wakonyo Mathenge hakuweza kukaa kitini. Tangu utotoni katika mtaa wa Bulla Pesa, mamake alikuwa akimwambia atakula amesimama hata siku ya harusi yake. Sasa alikuwa fundi wa mitandao katika kampuni ndogo ya intaneti mjini Isiolo, na asubuhi hiyo alikuwa akizunguka ofisi na kikombe cha chai asichokumbuka kunywa.

Kampuni ilikuwa imenunua mtandao mwingine mdogo ulioko Kinna. Swichi za Isiolo, mitambo inayoelekeza data, hupashana habari za njia za kupitia kwa itifaki, yaani lugha ya mitambo, iitwayo OSPF. Za Kinna bado zilitumia RIP, ya kizamani. Hazikusikizana. Kazi ya Wakonyo ilikuwa kuzifanya swichi mbili za katikati zichukue njia za upande mmoja na kuzitangaza upande wa pili. Aliweka mbili ili moja ikizima, nyingine ishike kazi.

Akaandika amri. Njia za Kinna zikajitokeza kwenye skrini, naye akashusha pumzi. Simu ikalia. Ni Lopeyok, mwenzake aliyekuwa Kinna.

"Wakonyo, huku kumezima. Umegusa nini?"

"Nimeunganisha tu. Kwangu njia zinaonekana."

"Zinaonekana, lakini hakuna kitu inafika. Na Mwalimu Ado ako hapa kwa saiba ya Fahmo, kwa kompyuta ya kukodi, katikati ya intavyu ya kazi. Picha imeganda."

"Mwambie narekebisha sasa hivi."

"Nimemwambia. Hata haniangalii."

Wakonyo akafuatilia safari ya pakiti, vile vifurushi vya data, mkono mmoja ukigongagonga meza. Zilitoka swichi ya kwanza hadi ya pili, zikarudi ya kwanza, zikaenda tena. Kumbe swichi ya pili ilipata habari za Kinna mara mbili: kutoka Kinna kwenyewe, na kutoka kwa swichi ya kwanza kupitia OSPF. Ikaamini OSPF, kama ilivyoundwa kuamini, kisha ikairudisha habari ileile Kinna kana kwamba ni mpya. Alijua hatari hiyo. Alikuwa na haraka tu.

Akaizuia swichi ya pili isitangaze chochote. Kinna ikarudi, lakini waliokuwa wakimhoji Ado walikuwa wameshaondoka.

Mchana huo alirudia kazi upya. Kila njia iliyovuka aliipa alama, kisha akaziamuru swichi zote mbili zisirudishe yenye alama hiyo kule ilikotoka. Alijaribu, akajaribu tena, akamsumbua Lopeyok mpaka akakasirika. Mwishowe akaomba kuongea na Ado.

"Salaam aleikum, Mwalimu. Ni mimi nilikata mtandao. Pole sana."

"Aleikum salaam. Afadhali umesema. Wengine hutuambia ni upepo."

"Watakuita tena?"

"Wamesema wiki ijayo. Tutaona."

Wiki iliyofuata Ado alihojiwa hadi mwisho bila kukatika. Muda huo wote Wakonyo alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma, asiguse kitu.

Kazi hiyo Ado hakuipata. Lopeyok alipomwambia, Wakonyo alitoka nje, akazunguka jengo, akarudi. Kisha akaanza kukagua swichi za Sericho, mji mwingine waliouhudumia, ambako hakuna mtu aliyekuwa amelalamika.