Kiti cha Mtoto wa Miaka Saba

Nakumbuka walivyosema sitaweza, Mwanangu, na hawakunisemea pembeni. Walisimama nyuma ya nyumba yangu hapa Migori, asubuhi nilipokuwa nikibandua mbao za sanduku lililonifuata kutoka Uarabuni, wakaona ndani yake mabomba yaliyopindwa, magurudumu manne madogo na kiti kimoja cha plastiki ngumu. Ogola, jirani yangu mwenye kinu cha kusaga mahindi, alilizunguka sanduku lile mara mbili kabla ya kutoa hukumu. Alisema nimekaa ng'ambo miaka kumi na moja nikarudi na kitanda kilichovunjika. Wengine walitaka kujua kama kinalima. Nilipowaambia kuwa ni gokati, kigari cha mashindano kisicho na paa wala mlango, na kwamba binti yangu Akoth wa miaka saba ndiye atakayekiendesha, walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Injini utatoa wapi, waliniuliza. Na hata ukiipata, huo ni mchezo wa watoto wa matajiri wa Nairobi, mtoto wa huku hatafika, tena msichana.

Nilikuwa sijafika arobaini. Ndiyo miaka ambayo bodaboda zilianza kujaa mjini. Nilikuwa na diploma ya ufundi wa magari, niliyoisomea huku nikiosha malori, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa nayo kabla yangu. Uarabuni nilianza kwa kufagia karakana ya uwanja wa gokati, nikatoka pale nikiwa fundi mkuu, na wageni wa mataifa matano wakiniita bosi. Nayasema haya wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kuyajua hutaelewa ukubwa wa kosa langu. Asiyejua akikosea, tunamfundisha. Mimi nilijua.

Injini niliipata Masara, kwa wachimbaji wa dhahabu. Wana pampu ndogo za petroli za kuvuta maji mashimoni, na injini ya pampu ile ni ndugu wa karibu wa injini za gokati za kukodisha, ukiwa na macho ya kuona undugu huo. Niliinunua ikiwa imejaa matope mekundu. Kwa wiki mbili niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga kwenye kigari, na ilipounguruma mara ya kwanza Ogola alikuja mwenyewe kutoka kinuni, mweupe kwa unga, akasimama akikitazama. Nilimwacha asimame. Hata leo nikiikumbuka sura yake najisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Kosa lilikuwa kwenye kiti. Kigari kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na miwili, nami nilikichagua hivyo kwa makusudi. Unajua tulivyolelewa huku. Mtoto akiingia darasa la kwanza hununuliwa sweta litakalomfikisha darasa la nne. Mikono hukunjwa mara tatu, viatu hujazwa karatasi kwenye ncha, na huambiwa atavikulia. Mimi mwenyewe nilivaa kaptura iliyofungwa kwa kamba ya katani hadi ikanitosha, na siku iliponitosha ilikuwa imetoboka makalioni. Hakuna mzazi wa kwetu anayeona hilo kuwa ubaya. Ni akili ya watu wanaolea watoto wengi kwa mfuko mmoja. Basi nikajiambia, kigari hiki kitamtumikia Akoth miaka mitano, kwa nini ninunue viwili?

Watu wengi hawajui kwamba gokati haina mkanda. Mtoto hafungwi. Kinachomshika ni kiti chenyewe, ambacho hubana mbavu na nyonga zake kama kiganja. Kigari kikikata kona, mwili unataka kwenda upande, na kiti kikiwa kipana, mwili huo unagonga ukingo, kona baada ya kona. Kule Uarabuni kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto kwa tepu kabla ya kuwakalisha. Niliwahi kumrudisha nyumbani mtoto wa mkubwa mmoja, baba yake akinifokea, kwa sababu kiti cha saizi yake hakikuwepo. Lakini ilipofika zamu ya mtoto wangu, nilikata sponji ya godoro kuukuu nikaijaza huku na huku. Kwenye pedali za breki na za mafuta nilifunga vibao kwa blada, vipande vya mpira wa tyubu, ili miguu ifike. Helmeti nilinunua ya pikipiki, ya mtu mzima, nikaijaza kitambaa.

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa saruji wa ghala la tumbaku lililokuwa limefungwa. Mlinzi alituruhusu kila Jumamosi, nikapanga matairi makuukuu kuonyesha njia. Mengine niliyafanya sawasawa, usifikiri sikufanya lolote la maana. Nilimtembeza Akoth njia nzima kwa miguu kabla hajaketi. Nilimfundisha kusimama kabla ya kumfundisha kwenda, nikaibana injini isizidi mwendo wa baiskeli. Jumamosi ya tatu alikata kona ya karibu na lango safi kabisa, nikajua kwamba nina dereva. Aliposimama alivua helmeti, akasema polepole, "Baba, hii kiti inanisukuma."

"Utaikulia," nilimwambia.

Wiki iliyofuata alisema tena. Nikamjibu kwamba madereva hawalalamiki. Hakusema mara ya tatu, nami nikalihesabu hilo kuwa ushindi. Nilifikiri amekomaa.

Hapo ndipo nilipoita watu. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, waje wote waone. Nilikwenda mwenyewe kwenye kinu cha Ogola, nikapita stendi ya bodaboda, nikaomba litangazwe kanisani. Wale walionicheka niliwaalika mmoja mmoja kwa jina. Likabaki suala la nguo, maana nilitaka mtoto atokee na ovaroli nyekundu yenye jina lake mgongoni. Siku ya Alhamisi tukaenda Kosele kwa shangazi yangu Dorsila, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyekuwa ameshona sare za shule kwa miaka mingi mno, hata watoto aliowashonea zamani walikuwa wakimletea watoto wao.

Shangazi alimzungushia Akoth tepu kifuani. Mtoto akarudi nyuma. Shangazi akacheka, akidhani anatekenywa, akajaribu tena. Akoth akabana viwiko mbavuni, akazuia pumzi. Shangazi aliacha kucheka. Akanituma nikanunue uzi mweupe, na uzi mweupe ulikuwa umejaa kwenye rafu nyuma yake. Nilikwenda, maana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kubishana naye. Niliporudi, Akoth alikuwa ameketi juu ya gunia la vitambaa akila mandazi, na shangazi alikuwa amesimama mlangoni akiningoja.

"Keti, Ouko."

Nikaketi.

"Nyathi, mtoto huyu, ana alama nyeusi mbavuni, huku na huku. Umempiga?"

Nilisema sijawahi kumwinulia mkono.

"Basi ni hiyo motokaa."

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za sponji, na kwamba kiti ni kikubwa kidogo tu, na kwamba mtoto atakikulia. Nilizungumza kama mtu mwenye diploma anavyozungumza na mshona nguo. Aliniacha nimalize.

"Mimi nimeshona sweta kubwa miaka hii yote," akasema. "Mimi mwenyewe huwaambia mama zao, ongeza inchi nne. Lakini sweta kubwa haigongi mtoto, Ouko. Inamfanya achekwe shuleni, basi. Hii kitu yako inakimbia. Unamwekea mtoto kitu inakimbia, halafu unamwambia angoje mwili ufike?"

Niligeuka nikamtazama Akoth juu ya gunia lake. Shangazi akaendelea.

"Na unajua ameniambia nini? Ameniambia nisikwambie. Amesema Jumamosi watu wanakuja, na yeye asipoendesha watakucheka. Ana miaka saba, na anakubebea aibu yako kwa mbavu zake."

Mwanangu, nimefokewa na wakubwa wa nchi mbili. Hakuna neno lililowahi kunikalisha chini kama lile.

Tulitoka pale moja kwa moja hadi hospitalini Homa Bay. Picha ilionyesha ubavu mmoja una ufa. Daktari, kijana mpole, aliuliza kama mtoto alianguka kutoka juu ya mti. Nilitaka kusema ndiyo. Akoth alikuwa akinitazama, na niliona wazi kwamba chochote nitakachosema, yeye naye atakishikilia hivyo hivyo. Nikamweleza daktari ukweli wote, pamoja na sponji. Akaandika, akasema wiki sita bila kukimbia wala kuruka, na kwamba ufa ule ungefika mbali zaidi kama angeendesha tena.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta uongo mzuri wa kuwaambia watu. Injini imekufa. Mafuta yalikuwa machafu. Ningeweza, maana nani Migori angenipinga juu ya injini? Lakini mtoto angekuwa ndani ya nyumba ileile akiusikia uongo huo, na angejifunza kwamba jina la baba lina uzito kuliko mwili wake. Alikuwa tayari amekwisha kujifunza nusu ya somo hilo kwangu.

Jumamosi walikuja, hata wauza miwa walikuja. Nilisimama kando ya kigari nikawaambia kwamba leo hakuna mbio. Nikasema, "Mtoto wangu amevunjika ubavu, na aliyemvunja ni mimi. Nilimkalisha kwenye kiti cha mtoto mwingine."

Kisha Ogola akasema, bila haraka, "Injinia, kumbe diploma inashindwa na kiti." Wakacheka. Niliwaacha wacheke mpaka wakamaliza, wakaanza kutawanyika, nami nikakisukuma kigari kwa mikono hadi nyumbani, karibu kilomita nzima, bila kuwasha injini.

Akoth alikuwa ameketi kizingitini. Akaniuliza kama wamenicheka. Nikasema wamenicheka.

"Sana?"

"Sana."

Alifikiri. "Pole, Baba," akasema. Kisha akainua mkono wa kushoto, akagusa chini ya kwapa. "Na hapa bado inauma."

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi, nikamwomba anionyeshe vizuri ni wapi. Akanionyesha, akanieleza inauma vipi akipumua na inauma vipi akilala. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Katika maisha yangu nimetunukiwa vyeti vingi, lakini sijawahi kupewa kitu kikubwa kama maneno yake yale, kwamba hapa bado inauma.

Kigari kile nilikiuza kwa mtu wa Kisumu aliyekuwa na kijana mkubwa. Nikatafuta kingine, kidogo, cha miaka yake, na safari hii nilimpima nyonga, mbavu na urefu wa paja, kama nilivyowapima watoto wa watu. Kilipokuwa tayari nilimuuliza kama anataka. Akasema hajui. Nikakifunika turubai. Kilikaa hivyo karibu mwaka mzima, na kila mtu aliyepita aliuliza, nami nilijibu kwamba mwenyewe hajaamua. Ulikuwa mwaka mrefu kwangu. Kisha asubuhi moja alikuja na glavu za kuendeshea mkononi, akauliza kama mlinzi wa ghala bado yupo.

Alifika Nairobi. Mashindano ya kwanza alimaliza nyuma ya watoto kumi, akashuka akicheka na akitaka kujua lini tena. Vikombe vilikuja baadaye, viko sebuleni, na mgeni akija kwangu hatoki bila kuonyeshwa. Sitaona haya kwa hilo. Walisema hatafika, naye alifika.

Leo wewe unanijia, na wenzako wananijia kutoka Rongo na Isebania, kila mmoja na mtoto mkononi, mkitaka kujua pa kuanzia. Anzia kwenye tepu. Mpime mtoto uliye naye leo, usimpime yule wa miaka mitano ijayo, kwa maana huyo hajazaliwa bado. Kiti kimshike, helmeti isimlemee shingo, miguu ifike kwenye breki bila kibao. Kama huna uwezo wa kununua kinachomtosha, ngoja, wala usione aibu kungoja. Mpeleke kwanza atembee njia kwa miguu, ajue kona zote kabla hajasikia injini. Mfundishe kusimama. Mwendo utakuja wenyewe, na ukikawia, acha ukawie.

Na akikwambia kitu kinamsukuma, shuka chini mtazame papo hapo, hata kama watu wamekwisha kuja na viti vimepangwa. Usijivune mgongoni kwake. Jivunie kazi ya mikono yako mwenyewe, kama mimi ninavyojivunia yangu, lakini usimpe mtoto mzigo wa kukulindia jina. Siku atakapoacha kukwambia panapomuuma, utakuwa umempoteza akiwa bado anakaa nyumbani kwako.

Nenda salama, Mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe macho ya kumwona mtoto wako jinsi alivyo. Mwili wake na ukue kwa wakati wake, mifupa yake iwe mizima, na kila anapotoka kwenye kona, akukute umesimama mahali anapoweza kukuona.