Wimbo wa Pochi Yangu

Wakati wa vita, mama alitufundisha majina ya jamaa zetu kwa wimbo, ili tukipotezana msituni tujue wa kumuulizia. Ndiyo maana, nilipofungua pochi ya sarafu za mtandaoni na kuweka humo akiba ya dada yangu ya kununulia cherehani, maneno ya siri ya kuifungulia, ya Kifaransa, niliyatungia wimbo. Karatasi huibwa, nilijisifu.

Juzi, hapa Kindu, nilikuwa nawafundisha wauza mawese kutumia pochi hizo, nikiwaeleza polepole: mwenye maneno hayo hufungua pochi yako kwa simu yoyote.

Mama Zaina akauliza, “Mwalimu, njo yale maneno ya Kifaransa unayoimba ukioga? Watoto wa mutaa muzima wanayaimba wakiruka kamba.”

Wote wakacheka, nami pia, mpaka nilipofungua simu nikakuta pochi tupu.

“Kaka, iko?” akauliza dada yangu, aliyekaa mbele.