Kikaratasi cha Dirisha la Pili

Mjukuu wangu alikwenda kusoma Wales miaka minne, akarudi na shahada, na koti zito lisilo na kazi hapa Maskati, na fikra moja iliyonikosesha raha.

Huko alikokuwa, aliniambia, ukienda baladiya yao, ofisi ya mji, unaulizwa unataka kuhudumiwa kwa Kiingereza au kwa Kiwelshi. Wafanyakazi wanaoijua lugha ya wazee wao wanavaa alama kifuani, mtu aione kabla hajafungua mdomo. Wasioijua wanafundishwa palepale kazini. "Hata anayekijua Kiingereza vizuri, bibi, ana haki aseme Kiwelshi. Hakuna anayemuuliza kwa nini."

Nikamwambia, "Vizuri. Huko kwao."

Akapata kazi ofisi moja ya baladiya hapa, dirisha la pili, pale watu wanaposajili mikataba ya kupangisha nyumba. Kazi ya majaribio, miezi mitatu, halafu mkuu wao aamue kama anabaki. Watoto wangapi wana shahada na wamekaa nyumbani na mama zao! Mwenye akili angenyamaza hiyo miezi mitatu. Yeye wiki ya pili tu akaandika kikaratasi, akakibandika kwenye kioo: Karibu, hapa twasema na Kiswahili.

Ijumaa alipokuja kula nilimwacha anawe mikono tu. "Umemwomba nani ruhusa?"

"Mkuu amekiona, bibi. Kasema tutazame."

"Tutazame si ndiyo."

"Wala si siyo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilipoingia nchi hii kutoka visiwani nilikuwa na mtoto mchanga kifuani, homa inamchoma. Nikasimama mbele ya daktari nikamweleza kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu, na benchi zima la wanawake nyuma yangu likacheka. Tangu siku ile niliwaambia wanangu: Kiswahili kiishie mlangoni, nje Kiarabu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa mwenyewe, na woga ule nnao mpaka leo.

Sasa mwenye woga kama huo si angekaa kimya? Lakini na mimi nna ulimi. Tulikuwa kwenye hina ya bibi harusi, mtaa wa Mawaleh, wanawake wa kwetu tumejaa. Huyu anamsifu mwanawe daktari, yule mkwewe rubani. Nikasema, "Wangu mimi yuko baladiya, na dirishani kwake unasema Kiswahili mpaka uchoke." Wakaguna wote kwa kustaajabu. Nikalala vizuri siku ile.

Wiki iliyofuata akanipigia simu, sauti imemkauka. "Bibi, umemwambia nani?"

"Wachache."

"Wachache? Wamejaa viti vyote! Wananitaka mimi tu. Wananiletea na vitumbua!"

Nikaenda kujionea. Mwanangu alinitoa nyumbani Al Amerat akanishusha mlangoni, nikakaa kiti cha nyuma. Madirisha matano. Manne matupu, wafanyakazi wanatazama simu zao. Wanawake wakiitwa namba zao huko wanatikisa kichwa, wanasubiri la pili. Na pale la pili shoga yangu mmoja kaweka bakuli juu ya karatasi za watu, anauliza mama hajambo, baba hajambo, na wewe utaolewa lini. Mwanamke huyo Kiarabu anakijua kunishinda mimi. Kagombana na mumewe kwa Kiarabu miaka arubaini! Mkuu wao, mwanamke mrefu, kasimama mlangoni mwa chumba chake, anaitazama saa ya ukutani.

Kando yangu alikaa kikongwe mmoja, Kiswahili chake cha bara kabisa, kaja juzijuzi kuishi na mwanawe. Namba yake ilikuwa imeitwa dirisha la nne, kwa Kiarabu, hakujua, ikapita. Akanionyesha karatasi. "Mama, hapa wanataka niweke dole. Nyumba mwanangu kaiandika kwa jina langu, naye yuko safarini. Karatasi ya kwanza niliitia dole bila kujua nimekubali nini."

Nikaona haya. Kikaratasi kile kilikuwa cha huyu, na mimi nimemjazia watu wa vitumbua mbele yake.

Nikasimama. "Nyinyi! Wewe dirisha la kwanza. Wewe la tatu. Kiarabu mnacho, nendeni nacho."

"Alaa! Si wewe ulotuita?"

"Nimewaita, sasa nawafukuza. Na bakuli hiyo ondoa, hapa si harusini."

Mmoja akasonya, wengine wakahama wanacheka. Nyuma ya dirisha la tano alikaa mfanyakazi, bwana mmoja wa makamo, macho kwenye simu yake. Nyumba ya mama yake naijua. Nikamwendea. "Mwanangu, msomee mama huyu karatasi yake. Kiswahili unacho. Mama yako hana lugha nyengine jikoni kwake."

Akaiva uso, akajibu kwa Kiarabu, "Hajja, chukua namba." Mkuu akaanza kuja. Mjukuu wangu kafumba macho. Nikasema moyoni, basi, nshamfukuzisha kazi kwa mdomo wangu.

Kikongwe hakungoja. Akaipitisha karatasi chini ya kioo. Yule bwana akaitazama, akamtazama mkuu, kisha akasema polepole, "Kaa, mama. Hapa pameandikwa nyumba nzima, miaka mitano. Ndivyo mlivyopatana na mpangaji?"

"Chumba kimoja! Mwaka mmoja!"

"Basi usitie dole."

Mkuu akawaita wote wawili, yule bwana na mjukuu wangu, mlango ukafungwa. Kiyoyozi kinavuma, mimi natoka jasho. Shoga yangu akaniinamia. "Hata wakimtoa, shahada si anayo?"

"Nyamaza, Mungu akuhifadhi."

Mjukuu wangu alipotoka alikaa karibu yangu. "Mkuu kasema kikaratasi dirisha moja ni fujo. Viwe viwili, au kisiwepo. Vikiwa viwili, napewa barua ya kazi bila kungoja miezi mitatu. Kikibaki kimoja mpaka Jumapili, kinabanduliwa na mimi natoka, maana nitakuwa nimemletea msongamano tu."

"Na yule bwana kasemaje?"

"Kauliza kama anaweza kurudi dirishani kwake, bibi."

Siku tatu za kungoja chakula hakikunipita. Niliishika simu nimpigie mama yake yule bwana, nikaiweka. Nikaishika tena, nikaiweka. Nilishasema ya kutosha.

Jumapili asubuhi ikalia. "Yule bwana kaja na kikaratasi chake," akasema mjukuu wangu. "Kakiandika nyumbani. Kakibandika mwenyewe kabla sijafika."

"Na barua?"

"Nimeisaini sasa hivi."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. "Nije niione?"

"Bibi," akasema, "kwa hisani yako, usije."