Baba Aliyerudi Nikiwa Nimesinzia

Jamani, chekeni taratibu, maana aibu hii bado mbichi, na kuna kichochoro kimoja hapa Kansanga, Kampala, nakizunguka mpaka leo kwa sababu wanaokaa pale walikuwepo siku ile, na wakiniona wanafumba macho na kuanza kukoroma.

Mnaijua kazi yangu. Nina kibanda cha filamu kando ya barabara ya Ggaba, mtu analeta flashi yake namjazia, na wateja wangu wengi ni Wakongo wenzangu ambao hawataki bunduki (tumeshaziona za kutosha bila kuketi kwenye kiti), wanataka anime, zile katuni za Kijapani za polepole, ambazo mvuke wa supu unapanda dakika nzima na hakuna anayemkimbiza mtu. Sifa yangu ilikuwa moja tu, kufananisha. Ulipenda hii? Basi chukua hii, upepo wake ni uleule, hata ukimya wake ni uleule. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, nami nikavimba kichwa.

Sasa kuna Mama Nsimire, jirani yangu anayeuza vitenge. Miaka mitatu iliyopita mume wake alivuka mpaka kurudi Kivu kuangalia shamba lao, na tangu hapo hakuna simu wala salamu. Mama huyu alikuwa haendi popote, si harusini si kwenye maombi, ila nilimpa anime moja ya ndugu wawili wenye duka la taa mlimani, akaiangalia mara mbili, akaja kibandani.

"Mwana yangu, unitafutie ingine ya kufanana na ile," akasema. "Lakini kama kuko baba mwenye anaenda, arudie. Kama harudie, usinipe."

Nikamwambia ninayo, ya msichana anayetunza mnara wa saa kwenye mji wa ukungu, anamngoja baba yake aliye safarini. "Anarudi, Mama. Nimeiona yote."

Hilo neno "yote" ndilo lililonimaliza. Ukweli ni kwamba niliiangalia pale kibandani baada ya chakula cha mchana, sombe na fufu tumboni, mvua inapiga bati, na ukungu wa kwenye kompyuta ukachanganyikana na wa nje mpaka sikujua tena ni upi unaopita chini ya mlango. Nikamuona baba anateremka kilima, maji yamemfika magotini, anaita jina la binti yake, na saa zote za mji zikalia pamoja, polepole, hata mbuzi wakasimama kusikiliza. Nilipofumbua macho mashavu yalikuwa yamelowa na majina ya watengenezaji yanapanda kwenye kioo. Nikajisemea, loo, mwisho mtamu huu. (Kwamba shingo iliniuma na mate yalikuwa mezani, hilo sikulitafakari.)

Mama Nsimire akawaambia wenzake, wenzake wakasema tuiangalie pamoja, na kwa kuwa Kampala filamu hainogi bila mtu wa kushika maiki na kuitafsiri papo hapo, Jumamosi alasiri nikajikuta mbele ya watu kwenye ukumbi wa video uliojaa, maiki mkononi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini sisi watu wa maiki tunatazama nyuso tu na kubuni kidogo, hakuna anayejua. Mama Nsimire alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri. Nilifurahi sana kumuona pale.

Mwanzoni nilitiririka. Kuelekea mwisho msichana akaletewa boksi, ndani mna kofia, nikasema, "Baba ametanguliza kofia!" Kisha ukungu ukajaa skrini nzima, kama nilivyoukumbuka, nami nikajua ndiye huyo sasa, nikatoa sauti nzito, "Binti yangu, nimefika!" Ukungu ukapasuka, na uso pekee uliokuwepo ni wa mbuzi, anatafuna.

Watu wakaangua kicheko. Binti mmoja Mganda, mwanafunzi wa chuo cha Kyambogo, akasimama katikati ya ukumbi.

"Ssebo, hapana danganya watu! Maandishi iko hapo chini. Baba alikufa, bambi, maskini. Alikufa zamani."

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi nikapandisha sauti, "Msimsikilize, yuko nyuma ya kilima, anakuja!" huku kwenye skrini msichana amepiga magoti anaweka maua juu ya jiwe. Hakuna saa iliyolia. Majina yakaanza kupanda.

Mama Nsimire akainuka. "Weye uliona wapi mwenye anarudia?"

Na maiki iko wazi, jibu langu likatoka kwenye spika zote, "Niliota, Mama. Nilikuwa nimelala."

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Yeye hakucheka. Alikaza kitenge chake kiunoni akatoka, na mimi ningependa zaidi anichape kofi.

Wiki nzima sikufungua kibanda. Siku niliyofungua, akaja, akaketi kwenye stuli. Nikamwomba msamaha, akanyoosha mkono ninyamaze.

"Ule baba wa ndoto yako," akasema. "Alikuwa amekonda?"

Nililiona kabisa jibu analolitaka, na lilikuwa jepesi, ningesema amenenepa, anang'aa, amevaa viatu vizuri.

"Sikumuona vizuri, Mama. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda zake bila kuchukua filamu yoyote.

Siku hizi naangalia nikiwa nimesimama, mpaka jina la mwisho lipotee kwenye kioo. Mtu akiniuliza ya kufanana na aliyoipenda, kama sijaiona nasema sijaiona. Na nimeapa, simwambii tena mtu yeyote nani atarudi.