Daftari la Hoteli Zisizolipiwa

Lavonne Haskett aliishi kiwanja namba kumi na saba, kwenye kambi ya magari-nyumba kule Arizona ambako mimi nilifua mashuka na kusafisha mabafu. Mlangoni pa gari lake palikuwa na kibao: ORRIN NA LAVONNE, NEBRASKA. Orrin, mumewe, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, Mungu amrehemu. Kibao hakukigusa.

Orrin aliacha daftari. Kila usiku waliolala ndani ya gari lile aliandika bei ya chumba cha hoteli ambacho hawakukilipia. "Dola themanini nyingine tumeziokoa, bibie," alikuwa akisema, kisha anazima taa. Hata miezi mitano ya kila baridi waliyokaa hapa bila kusogea aliiandika kwa bei ya hoteli, kana kwamba kuna mtu angekaa hotelini miezi mitano kutazama mawe. Mafuta, matairi na kodi ya kiwanja, hakuna hata mstari.

Siku Lavonne aliponionyesha niliona mwandiko umebadilika kurasa za mwisho. Alikuwa anaendelea kuandika mwenyewe, kila usiku, peke yake.

"Nisipoandika naona kama nimemnyamazia," alisema.

Gari halikuwa limesogea tangu mazishi. Kwenda mbele aliweza. Shida ni kurudi nyuma kuingia kiwanjani, maana wenye magari haya hufanya kazi hiyo wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma akimpungia mikono. Miaka yote aliyesimama nyuma ni Lavonne.

"Nitakusimamia mimi," nikamwambia.

Akacheka. "Wewe, mpenzi? Utanitumbukiza mtaroni huku unaniombea!"

Mwezi wa tatu kodi ilimshinda. Dada yake Idella akampa chumba Nebraska, kwa hiyo ikabidi gari liuzwe. Aliniambia kuliuza ni sawa na kumzika Orrin mara ya pili. Nilimshika mkono.

Akaja mnunuzi, Merrick, na mkewe Jolene. Merrick alipiga matairi mateke, akafungua kila kabati, kisha akauliza, "Mama, niambie ukweli. Tukilichukua hili tutaokoa hela za hoteli?"

Daftari lilikuwa pale mezani. Lingemshawishi mtu yeyote. Niliomba kimoyomoyo asiseme uongo, na hapo hapo nikaomba wasiondoke.

Lavonne akawasogezea. "Hapa imeandikwa tumeokoa dola laki mbili. Mume wangu alisahau mafuta tu." Akatabasamu kidogo. "Mkitembea kila wiki, labda. Likisimama linakula kuliko farasi. Sisi hatukuokoa kitu. Ila kahawa ya asubuhi tuliinywa kwetu, popote tulipokuwa."

Merrick akafunua kurasa mbili tatu.

"Angalau huyu hajatudanganya kama yule muuzaji wa jana," Jolene akasema. Wakapunguziwa bei, wakalipa.

Jolene aliposimama nyuma kumwongoza mumewe arudi kiwanjani kwa majaribio, alipunga mikono kama anafukuza kuku.

"Unaniua, mke wangu!" Merrick akapiga kelele.

"Simama hapa, mpenzi," Lavonne akamwambia Jolene. "Tafuta uso wake kwenye kioo kwanza. Usipomwona, naye hakuoni." Akamshika viwiko, akamwonyesha kushoto, kulia, simama. Waliingia na kutoka mara tatu, hadi Jolene akaweza bila yeye. Lavonne akarudi pembeni, mikono imening'inia.

Walipoondoka, kiwanja kilibaki na doa la mafuta na ua moja kwenye kopo. Kibao Lavonne alikuwa amekifungua skrubu kwa kisu cha siagi. Alikaa juu ya sanduku lake, kibao mapajani, tukisubiri gari la kumpeleka stendi. Akatoa daftari, akaandika tarehe. Kisha akatoa tiketi ya basi mfukoni, akaisogeza mbali na macho ili aisome vizuri, akaandika bei yake.

Kwa mara ya kwanza, daftari lile likaandikwa kitu kilicholipiwa.