Sindano ya Jumapili na Mbasa wa Mkwe

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, alianza kujichoma sindano ya kupunguza uzito mwaka ambao mimi nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili katika famasia. Daktari alimwandikia kwa sababu mbili: sukari yake ilikuwa juu, na magoti yake yalikuwa yameshindwa kumbeba. Yeye alikuwa na sababu ya tatu, na ndiyo pekee aliyoijali. Misimu miwili mfululizo alikuwa amekalishwa kwenye kigoda juu ya mteremko wa shamba lake, nje kidogo ya Mbinga, akiwatazama wanawake wengine wakimchimbia ngoro, yale mashimo tunayochimba milimani ili maji ya mvua yatulie yasiteremke na udongo. Alitaka Machi ijayo achimbe mwenyewe.

Nilimweleza dawa ile mezani kwake, kwa karatasi na kalamu. Nilichora tumbo, utumbo, kongosho na ubongo. Tukila, nilisema, utumbo hutoa homoni ambayo huishi dakika chache tu kabla ya kuvunjwavunjwa. Katika dakika hizo huliamuru kongosho litoe insulini ikiwa sukari imepanda, hulizuia tumbo lisimwage chakula haraka, na huuarifu ubongo kwamba shibe imefika. Dawa ni mwigo wa homoni hiyo: mnyororo mfupi wa asidi amino, uliobadilishwa kidogo ili mwili usiukate upesi, ndiyo maana sindano moja hutosha wiki nzima. Ukiumeza hivihivi, tumbo litaumeng'enya kama linavyomeng'enya maharage.

"Kwa hiyo inanichimbia ngoro tumboni," akasema. "Chakula kinatulia, hakiteremki mbio."

"Si hivyo hasa, mama. Hiyo ni kazi moja kati ya tatu, tena kwa usahihi zaidi..."

"Na wewe, msomi wangu! Hizo mbili nimeshazikubali."

Alianza na dozi ndogo, ikapandishwa polepole, na gauni lake la kanisani likaanza kumpwaya. Kisha ukafika ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza. Binti yake ameolewa katika familia ya Waanglikana ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mama mdogo kula nyumbani kwa wakwe zake. Asubuhi ya Jumapili ile, siku yake ya sindano, alijichoma dozi mpya, kubwa kuliko ya mwezi uliotangulia, tukapanda gari na kuteremka ziwani.

Baada ya ibada, mama wa mkwewe wa kiume alituandalia kwa heshima zote: kila mgeni sahani yake, ugali wa muhogo uliofura na mbasa, samaki mnono wa ziwa lile, mzima juu ya mchuzi.

"Kula, mkwe! Huko milimani mmezoea maharage mpaka mmesahau mwiba unatolewaje."

"Mlete tu huyo mbasa. Tutaona nani atamtoa mwenzake!"

Watu walicheka. Mimi nilihesabu matonge. Lilipofika la sita nilijua napaswa kusema jambo, nikaanza kuitunga sentensi ambayo isingemwaibisha mwenyeji wala mgeni. Niliipanga, nikaipangua, nikaipanga tena. Nilipokuwa tayari, sahani ilikuwa tupu na mwenyeji alikuwa anaijaza tena.

Saa moja baadaye mama mdogo alikuwa nyuma ya jiko, ameshika ukuta, anatapika na kutokwa jasho jembamba. Nilikumbuka kila sura niliyoisoma kuhusu kuvimba kwa kongosho, madhara adimu lakini ya hatari ya dawa ile, nikamwingiza garini. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima, akamtundikia dripu, akauliza amekula nini. Nilimtajia yote, pamoja na dozi.

"Na wewe ndiye mfamasia?"

"Bado nasoma," nikajibu.

Alisema kongosho halikuonyesha dalili ya shida, tumbo lilikuwa limezidiwa tu. Ila hali ikijirudia, daktari angeweza kuisimamisha dawa kabisa. Mama mdogo alinitazama. Sote wawili tuliwaza Machi.

Nilikaa kando ya kitanda nikaanza kumweleza upya. Akanikatiza.

"Najua. Ngoro ikizidiwa hubomoka. Nilijua tangu nusu ya yule samaki. Lakini ningebakiza, wangesema mama yake mkamwana wao anaringa, na binti yangu ndiye anayebaki hapa."

Nilikuwa nimemchorea viungo vinne kwa usahihi, na sahani ya ukweni sikuifikiria hata mara moja.

Tulilala ukweni, na kesho yake mchana nilifika mezani nikiwa na maelezo niliyoyakariri. Mama mdogo hakuyangoja.

"Mkwe, leo usinipakulie sahani yangu. Tule sinia moja, wewe na mimi na huyu mwanangu."

Mwenyeji akashika kiuno. "Jana umemtapika samaki wangu, leo unalitaka na sinia langu?"

"Ndiyo, na leo sitapiki tena."

Wakacheka hadi kushikana mabega, na sinia likaja. Kwenye sinia hakuna ajuaye mkono wa nani umepumzika. Mama mdogo alimega matonge manne madogo, kisha akashughulika kunichambulia mimi miiba, akinisogezea minofu upande wangu.

"Kula, msomi," mwenyeji akaniambia. "Wewe huna sindano."

Kumbe binti alikuwa amemweleza kila kitu. Nilikula sehemu yangu na ya mama mdogo.

Daktari alirudisha dozi chini, akaipandisha tena baada ya wiki kadhaa, na safari hii tumbo liliivumilia. Machi, wanaume walipomaliza kulaza mteremkoni nyasi zinazofukiwa kuwa kuta za ngoro, mama mdogo alishuka shambani kwa miguu yake. Alichimba ngoro kumi na moja, akanikabidhi jembe ili apumzike. Nilichimba ya kumi na mbili kwa uangalifu mkubwa. Aliitazama, akasema kuta zake zisingeshika hata maji ya birika moja, akainuka na kuichimba upya.